Chakula cha heshima na chakula cha afya

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)



Miezi miwili iliyopita rafiki yangu mmoja, fundi seremala mwenye karakana yake Keko, jijini Dar es Salaam, alitoka kliniki na karatasi mkononi. Alikuwa amekwenda huko kwa ajili ya kichwa kilichomsumbua mwezi mzima. Akapimwa, akaambiwa presha iko juu na sukari nayo imeanza kupanda. Akapewa dawa, akapewa tarehe ya kurudi, na mwisho akapewa karatasi ya ushauri wa chakula. Nilipomuuliza imeandikwa nini, alicheka kicheko kisichokuwa na furaha, akasema: "Kaka, wameniambia nile kama tajiri. Mboga kila siku, matunda kila siku, samaki, sijui maharage, sijui nini. Mimi nina watoto wanne wanasoma. Tajiri ale yeye."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akarudi kwenye randa yake.

Nimelitafakari sana neno hilo, kwa sababu si la fundi peke yake. Ukipanda daladala utalisikia, ukikaa barazani utalisikia: kwamba chakula bora ni mambo ya wenye uwezo, nasi wengine kazi yetu ni kujaza tumbo tu. Leo naomba tulipime neno hilo. Likiwa ni kweli, basi hatuna la kufanya ila kuusubiri utajiri. Likiwa si kweli, basi tunaumwa bure, na wengine wetu tunakufa bure.

Mwaka 2023 Wizara ya Afya na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walitoa mwongozo wa kitaifa wa ulaji kwa ajili ya Tanzania Bara. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wameshatoa wa kwao mwaka 2017. Je, mwongozo wetu unasema nini?

Unavigawa vyakula katika makundi sita. Kundi moja ni nafaka, mizizi yenye wanga na ndizi za kupika: mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, muhogo, viazi. Jingine ni jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta: maharage, choroko, kunde, mbaazi, njugu mawe, ufuta. Kundi la tatu ni vyakula vinavyotokana na wanyama, yaani nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. La nne ni mboga-mboga. La tano ni matunda. La sita ni mafuta yaliyo salama kwa afya, tena kwa kiasi. Kisha tunaambiwa tule vyakula mchanganyiko kutoka makundi hayo kila siku, tupunguze chumvi, tupunguze sukari, tupunguze mafuta, tunywe maji safi na salama ya kutosha, na tuushughulishe mwili.

Basi, ndiyo hayo. Nimekitafuta humo chakula cha tajiri sikukiona. Hakuna jibini ya kopo wala matufaha ya kuletwa kwa meli. Mchicha upo. Matembele yapo. Kunde zipo, dagaa wapo, na papai lipo.

Wala somo lenyewe si geni. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 1980 tulifundishwa makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vyakula vya kulinda mwili. Tuliyakariri, tukayajibu kwenye mtihani, tukapata vema, halafu tukarudi nyumbani kula ugali kwa mchuzi. Na kabla yetu walikuwapo wazazi wetu. Wazee wanaonisikiliza wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu kwa mamia ya maelfu, katika vijiji na mitaa, walikuwa wakikaa kuizunguka redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kutenda. Mwaka huo huo wa 1973 ndipo Taasisi ya Chakula na Lishe ilipoanzishwa kwa sheria. Kwa hiyo nusu karne sasa imepita tangu taifa hili lianze kuambiwa, tena kwa redio, kwamba kushiba ni jambo moja na kulishwa ni jambo jingine.

Tumefika wapi? Hebu tuzitazame hesabu.

Utafiti wa kitaifa wa afya na watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, watoto 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Na udumavu hauishii kwenye kimo. Hugusa hata ubongo, na mtoto hubeba hasara hiyo mpaka darasani na mpaka utu uzima. Sasa sikiliza ni wapi walikodumaa zaidi. Iringa ilikuwa na asilimia 57. Njombe na Rukwa zilikaribia nusu ya watoto wote. Ndugu msikilizaji, hiyo ndiyo mikoa tunayoitegemea kwa mahindi! Malori yanatoka huko usiku na mchana kuja kuwalisha watu wa mijini, na mtoto wa mwenye shamba amedumaa.

Kwa nini? Wataalamu wanaeleza sababu nyingi zinazofungamana, na nyingi ni za kawaida kabisa. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto anaachwa na dada yake mdogo na bakuli la uji, na uji wenyewe ni wa mahindi matupu, mwepesi, hauna karanga, hauna maziwa, hauna kitu. Akiharisha au akipata homa, hata hicho kidogo alichokula hakimfai. Mayai yanapelekwa mnadani. Maharage yanauzwa kwa debe. Ghala limejaa, tumbo limejaa, lakini mwili una njaa. Ama kweli, wingi wa chakula ni kitu kimoja na ubora wa mlo ni kitu kingine.

Utafiti huo huo wa 2022 uliwakuta wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu. Na upande wa pili wa sarafu ni huu: mwaka 2004 na 2005 wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa 18 katika kila 100, na kufikia mwaka 2015 na 2016 walikuwa 28. Huku mtoto amedumaa, kule mama ananenepa kupita kiasi, na mara nyingine ni nyumba moja. Nao uchunguzi wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba kiasi cha robo yao wana presha na asilimia 9 wana kisukari. Katika uchunguzi huo, watu zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa hawafikii kiasi cha matunda na mboga kinachoshauriwa kwa siku. Fundi wangu wa Keko, basi, hakuwa peke yake kwenye foleni ile.

Sasa nirudi kwake. Jumamosi iliyofuata nilimwomba tufuatane mpaka kwenye genge la mtaani kwao. Nikamwambia: tumia fedha zile zile unazoacha nyumbani kila siku pamoja na zile unazotumia mwenyewe kazini, usiongeze hata senti tano. Lakini kwanza nieleze huwa zinakwenda wapi.

Akaeleza. Asubuhi ni chai ya rangi yenye sukari ya kutosha, na maandazi. Mchana ni chipsi mayai karibu na karakana, na soda ya kuteremshia. Jioni ni ugali wa sembe, na nyama kidogo ya kugawana watu sita, yenye mchuzi unaoelea mafuta. Mboga za majani? Zipo siku nyama ikikosekana. Matunda? Mwezi wa Ramadhani, na siku watoto wakiumwa.

Tukaanza kufuta. Tulifuta soda ya kila siku. Nyama tukaiacha kwa siku mbili za wiki. Chipsi mayai tukaibadilisha kwa wali na maharage wa mama lishe, na pembeni kiasi kizuri cha mchicha. Sukari ya chai tukaikata nusu, na mafuta ya kupikia tukayapimia kijiko badala ya kumimina. Kisha tukaanza kununua: kunde, dagaa, matembele, mchicha, nyanya, ndizi mbivu, papai moja kubwa, malimau, na badala ya sembe tukachukua dona. Tulipomaliza, fundi alihesabu chenji yake mara mbili. Ilikuwa imebaki.

Mama mwenye genge alituangalia tunavyopanga vitu kwenye mfuko, akacheka. "Baba," akamwambia fundi, "leo umenunua kama bibi yangu."

Hapo ndipo nilipopata jibu la neno la fundi. Karatasi ile haikumwambia ale kama tajiri. Ilimwambia ale kama bibi yake. Bibi alikula dona kwa sababu alitwanga au alisaga mahindi yote. Alikula mboga za majani mara mbili kwa siku, mlenda, kisamvu, majani ya kunde na maboga, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa nyuma ya nyumba. Nyama aliila siku ya sherehe. Sukari aliinunua kidogo kidogo. Sisemi kwamba bibi hakuwa na shida. Alikuwa nazo, na njaa ya kiangazi alikuwa anaijua kuliko sisi. Wala sisemi kwamba mbegu na ardhi ni zile zile. Ninachosema ni kwamba mengi tunayoshauriwa leo na wataalamu ni mambo tuliyoyaacha wenyewe kwa hiari, tena tukayalipia gharama ya kuyaacha.

Kwa nini tuliyaacha? Hilo nilijibiwa nyumbani kwa fundi, tulipoufikisha mfuko jikoni. Shemeji aliutoa unga wa dona, akautazama, akaguna. "Shemeji," akaniambia, "mimi sikatai. Lakini wageni wakija wakakuta dona na dagaa, si watasema fundi amefilisika?"

Mpenzi msikilizaji, nisiwafiche, swali lile lilinishinda kulijibu papo hapo. Maana shemeji amesema kweli. Katika nchi yetu chakula ni heshima kabla hakijawa afya. Dona tumeipa jina la chakula cha bweni na cha gereza. Mboga za majani tunaziita mboga za shida. Dagaa ni za mwisho wa mwezi. Mgeni ukimpa maji ya kunywa utasema samahani, lakini ukimpa soda utamwambia karibu. Harusini tutatoa wali, nyama, kuku na soda mbili mbili, na kachumbari ikiwapo itakuwa pambo la pembeni ya sahani. Baba akipata ajira mpya, kitu cha kwanza kubadilika nyumbani ni rangi ya ugali.

Heshima hiyo hiyo ndiyo inayogawa chakula vibaya ndani ya nyumba. Baba anawekewa finyango, watoto wanawekewa mchuzi, na mama anakula kilichobaki chunguni. Mwenye kuhitaji zaidi ni nani? Mtoto anayekua, mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha. Zipo baadhi ya jamii zetu ambazo zamani zilimkataza mama mjamzito asile mayai. Mwiko huo umepungua, lakini tabia ya kumhudumia kwanza mwenye nguvu na mwisho mwenye kuhitaji ingali ipo katika nyumba nyingi, na haikuletwa na umaskini. Robo kilo ya nyama ni robo kilo ile ile. Tofauti ni mkono unaogawa.

Kwa hiyo, bila kumsubiri mtu yeyote, yapo mambo tunayoweza kuyaanza leo jioni.

La kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Hebu fanya hesabu hii nyumbani kwako. Nyumba ya watu sita, hata ukiwahesabu watoto kama watu wazima, haipaswi kuzidi gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Kwa hiyo isiishe kabla ya siku 16. Nyumbani kwa fundi ilikuwa haimalizi siku 10, na hapo hatujahesabu chumvi ya chipsi. Chumvi yenyewe iwe yenye madini joto, maana miaka ile ya nyuma nyanda zetu za juu kusini zilijaa tezi la shingo kwa kukosa madini hayo. Na kopo la chumvi lisikae mezani.

La pili ni sukari. Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Shirika hilo hilo linasema ingefaa zaidi mtu mzima asivuke kiasi cha vijiko sita kwa siku nzima. Maana yake ni kwamba soda moja inamaliza mgao wako wa siku na kukopa wa kesho, na hujanywa chai bado.

La tatu ni mboga na matunda. Kiasi kinachoshauriwa kwa siku si pungufu ya gramu 400, viazi na muhogo havihesabiwi. Usiogope namba hiyo. Kipande kizuri cha papai asubuhi, ndizi mbivu moja baadaye, mboga za majani za kutosha mchana na tena usiku, na nyanya au karoti humo humo, umefika. Fuata matunda ya msimu: embe wakati wa embe, chungwa wakati wa chungwa. Mboga zioshwe kwanza ndipo zikatwe, zipikwe kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe. Wale wanaotia magadi ili mboga zilainike au maharage yaive haraka, wajue wanapunguza vitamini. Maharage yalowekwe usiku, yataiva.

La nne ni damu. Kwa kuwa wanawake wengi namna hii wana upungufu wa damu, nawaomba akina mama wawili watatu wanisikilize vizuri hapa. Ukila maharage au mboga za majani, kamulia limau au kula chungwa, maana vitamini C husaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyo katika vyakula hivyo. Na chai iache, angalau saa nzima baada ya kula, kwa sababu majani ya chai huzuia madini hayo hayo. Chai juu ya chakula ni mazoea tu. Mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Limau si mbadala wa vidonge.

La tano ni unga. Mahindi yakikobolewa, kiini na ganda huondoka, na pamoja nayo huondoka sehemu kubwa ya vitamini, madini na nyuzinyuzi. Sembe inabaki nyeupe na laini, na mara nyingi utailipia zaidi. Lakini hapa sina budi kutoa tahadhari, maana najua kuna msikilizaji anasema moyoni: na sumukuvu je? Anayo haki kuuliza. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Sumukuvu hutokana na ukungu, nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mahindi mabovu yakisagwa dona ni hatari zaidi. Tiba yake ni kuanika mahindi mpaka yakauke barabara, juu ya turubai na si juu ya udongo, kuyahifadhi pakavu, kuyachambua kabla ya kusaga, na kutupa yaliyooza au yenye ukungu bila huruma. Na dona haikai muda mrefu, huchacha kwa sababu ya mafuta ya kiini. Saga kidogo, kula, kasage tena.

Sasa, nisije nikaonekana namtwisha mwananchi mzigo wote peke yake. Ziko nyumba ambazo hata genge hawalifikii, wanakula mlo mmoja kwa siku, na kuwaambia hao wachague makundi sita ni kuwadhihaki. Hapo ni wajibu wa jamii na wa Serikali. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 viongozi wa mikoa yetu wamekuwa wakitia saini mikataba ya lishe, na halmashauri ziliagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Shilingi elfu moja si fedha nyingi kwa mtoto, lakini kwa watoto wote wa wilaya ni fedha. Je, diwani wako umewahi kumuuliza kama zilitengwa, na kama zilitengwa, zilitoka? Na shuleni kwa mwanao, ule uji wa saa nne upo? Unga wake una nini? Nje ya geti kunauzwa nini? Mwongozo wa taifa ukikaa kwenye kabati la ofisi ya mganga mkuu hautamnenepesha mtu ila mende. Ni lazima ufike kwa mama lishe, ufike kwa mpishi wa shule, ufike kwenye kamati ya harusi.

Naam, hata kamati ya harusi. Maana kama chakula ni heshima, basi dawa yake ni kuihamisha heshima hiyo. Mwenye uwezo akiweka sinia la mboga za majani katikati ya meza ya wageni wake, asiye na uwezo hataona haya kuliweka kwake. Kiongozi akija kijijini akaomba maji na dafu badala ya soda, watoto wanaotazama wanajifunza. Ndivyo sembe ilivyopata cheo, kwa kutazamana. Na dona inaweza kukipata kwa njia hiyo hiyo.

Nimalizie kwa fundi wangu. Wiki iliyopita wakwe zake walikuja kutoka Singida. Shemeji alisumbuka usiku kucha, apike nini. Mwishowe akapika dona, akapika dagaa kwa nyanya na limau, akapika mchicha kwa karanga, akakata papai. Hakuomba radhi, aliweka tu. Mzee alinawa, akamega tonge, akatafuna kimya. Kisha akauliza: "Huku mjini nako mnapata unga huu?" Akaongezwa ugali.

Watoto, nisiseme uongo, bado wananung'unika siku zisizo za chipsi. Presha ya fundi imeshuka kidogo, haijakaa sawa, na daktari amemwambia aendelee na dawa kama alivyoandikiwa. Nami namwambia yeyote mwenye presha au sukari anayenisikiliza: chakula kinasaidiana na dawa, usije ukaziacha kwa sababu ya mazungumzo yangu.

Lakini ile karatasi aliyoikunja siku ile haiko tena mfukoni. Nimeiona juzi imebandikwa ukutani jikoni, imeshapata madoa ya nyanya. Na kwenye ukingo wake shemeji ameandika kwa kalamu tarehe aliyofungua pakiti ya chumvi.

Na wewe msikilizaji, ukifika nyumbani leo, andika ya kwako. Kisha uhesabu siku.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.